Mita Yangu Inanisingizia

Shangazi Conjesta, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mpemba, hapa Tunduma, nimechoka kusemwa. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba kwenye nyumba yenye mita moja ya LUKU, ya kununua umeme kabla, na ugomvi wa nani anakula umeme ulipozidi mwenye nyumba akatufungia mita ndogo kila chumba, za wenzangu mpya, yangu akaitoa kwenye nyumba yake nyingine akasema bado nzima, basi tulipokwenda kusoma mwisho wa mwezi yangu ikawa na namba kubwa kuliko zote, na tangu hapo wananiambia nimekula umeme wa nyumba nzima, mwenye nyumba anataka nihame, wakati mimi nina taa, simu na pasi ya kunyooshea nguo za wateja, cherehani yenyewe ni ya miguu. Nikajiuliza umeme wangu unakwenda wapi, nikamfikiria jirani yangu Nesta, ana friji ya kuuzia barafu na namba yake ni ndogo, nikamwita mwizi pale uani watu wote wakisikia, kwamba amejiunganishia waya kwangu. Aliingia ndani akafunga mlango, na huyu ndiye aliyenilelea mwanangu nilipolazwa. Sasa kuna waya unapita ukutani kwenda kwake. Niukate?

Edina

Marahaba, Edina. Usikate. Utapigwa shoti na bado utahama.

Pole kwa kusemwa, lakini nyumba nzima mmesoma vibaya. LUKU inashuka kwa sababu inaonyesha uniti zilizobaki. Mita ndogo inapanda tu, inajumlisha tangu ilipoanza kutumika. Ya Nesta ilianzia sifuri hapo kwenu, yako ilianzia nyumba nyingine. Namba wanayokugombeza nayo ni umeme wa wapangaji usiowajua hata kwa sura. Mita uliambiwa imetoka wapi, ukaacha kuuliza ilifika na namba gani, ukakimbilia kumtafuta mwizi kwa mtu anayekupenda.

Waite wenzako na mwenye nyumba, zima kila kitu chumbani kwako, muitazame mita pamoja. Ikitulia, hakuna anayekuibia. Ikiendelea kusogea, aitwe fundi umeme, si wewe na mkasi wako. Siku hiyohiyo pigeni picha namba za vyumba vyote, mwisho wa mwezi mpige tena, mtoe ya kwanza kwenye ya pili. Kinachobaki ndicho alichotumia mtu. Na hiyo pasi usiipitishe haraka haraka kwenye barua, pasi ya fundi nguo inakula. Utakachokuta ni chako, lipa bila kununa.

Nesta usimfuate chumbani kumnong'oneza samahani. Ulimwita mwizi uani, kamwombe radhi uani, watu wote wakisikia.