Wafula, Koti Yako Ilienda na Jina Yangu

Niaje Wafula,

Najua huko hakuna posta. Lakini mtu mwenye ameuzia watu viatu mguu moja kubwa kuliko ingine, atashindwa na barua bila anwani? Nakuandikia kwa sababu nilikukosea, na sijui pahali ingine ya kukuomba msamaha.

Ile kibanda ya kando ya soko hapa Kitale, mwenyewe aliiachilia. Nikasema sasa nimechoka kukimbia mvua na gunia ya viatu. Nikaenda kukopa kodi kwa ile ofisi ya mikopo, ile ulikopa pesa ya ng'ombe nikaweka sahihi kama mdhamini wako. Dada wa hapo akabonyeza kompyuta. Halafu akasema, "Wewe na rafiki yako mko kwa listi ya wenye hawalipi. Loni yake ilisimama katikati."

Nilicheka. Halafu nikaacha.

Si nilikuwa kwa lufu yako, matanga yote? Siku ya tatu baada ya kukuzika, tumenyolewa, wazee wakauliza hapo kwenu Kabuchai nani anakudai. Mmoja tu ndio alisimama, yule alikuuzia jogoo, watu wakacheka hata bibi yako. Sasa hii nayo ilitoka wapi? Nikakumbuka vile ulikuwa unapenda kuniambia, "Mimi silali na deni ya mtu." Nikasema kumbe ulikuwa unajifunika nayo kama blanketi. Nikaanza kukushuku kwa kila kitu. Ile redio mpya, ulinunua na nini? Ile siku ulininunulia chai na mandazi mbili, ulikuwa unaniziba mdomo? Nikaambia watu wa mtaa wetu Kipsongo ati umenikula pesa, ukajificha mahali siwezi kukufuata. Walicheka sana, bana. Hiyo ndiyo inaniuma.

Nikaenda kwa shemeji Nekesa, bibi yako, kuuliza risiti. Aliniangalia kama mtu amekuja kupima shamba. "Karatasi zake zilikuwa zinakaa kwa koti," akasema. Na koti ilipewa khocha wako, ndugu ya mama yako, siku ya kugawa nguo. Nikamfuata. Mzee alikuwa ameivaa, jua kali hivyo. Kusikia koti, akashika vifungo.

"Ulikuwa unaitaka, si ungesema siku ile?"

"Mzee, baki na koti. Mimi nataka tu yenye iko kwa mfuko."

Hakuniamini. Alitoa karatasi moja moja akinipea kwa mbali, kama mtu analisha mbwa hajui.

Zote zilikuwa hapo, Wafula. Ya mwisho, ya kumaliza loni, imepigwa muhuri siku moja kabla tukupeleke hospitali Lugulu. Na siku hiyo uliniambia hauna pesa ya dawa, nikakuongezea nikinung'unika. Nilikaa chini kwa nyasi. Khocha akaniuliza kama ni koti inaniliza.

Nikarudi ofisi. Dada akisoma risiti, mimi nimeshika kona ya karatasi, siku hizi siamini mtu. Wakatafuta mpaka wakapata: pesa yako walikuwa wanaingizia Wafula mwingine wa huko Bungoma, mwenye loni yake iliisha mapema akadhani ni maombi. Dada akafuta jina yangu. Nikamwambia ageuze kompyuta nione na macho yangu. Yangu ilikuwa imetoka. Yako ilikuwa bado iko.

"Huyo si alikufa?" akasema. "Atakopa tena?"

Nikaketi. Nikamwambia, dada, mimi ni mtu wa viatu, nimezoea kukaa siku nzima bila mtu kuniuliza bei. Kuona nimetoa mandazi kwa mfuko, akaita mkubwa wake. Wametuandikia barua, majina mbili, muhuri mbili. Nimeisoma mara tano nikitafuta pahali wamenidanganya. Bado naitafuta.

Krismasi tunakuja kujengea kaburi yako. Nitasimama pale pale wazee waliuliza, nisome hiyo barua, na niseme ni mimi nilikudai uongo. Kipsongo nitapita mlango kwa mlango, hata kama hii haichekeshi kama ile ingine. Na yule wa jogoo nimeshamlipa, asikusumbue.

Hauna deni ya mtu, ndugu yangu. Sasa lala.

Ni mimi wako,
Simiyu