Sensa ya Kushoto, Sensa ya Kulia

Jumanne, 4 Machi
Taa ya injini bado inawaka. Pikapu inabugia mafuta, na kwenye kilima inakohoa — na Jumapili ipande milima yote hadi shule mpya ya mke wangu! Jumatatu anaanza kazi. Mwalimu mkuu. Mimi mume wa mwalimu mkuu. Nimejizoeza kulisema mbele ya kioo, sauti haitoki.

Fundi anasema ni sensa za oksijeni, zile zinazonusa moshi na kuiambia injini iongeze mafuta au ipunguze. Ziko mbili, moja kila upande wa injini, zimejificha huko juu ya giaboksi. Aliyeziweka alisahau kwamba binadamu ana viwiko. Fundi anataka kushusha giaboksi, kazi ya mpaka wiki ijayo. Nikasema nitazibadilisha mwenyewe. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumatano, 5 Machi
Kitambi hakipiti. Nimeingia uvunguni mpaka kifungo cha pili cha shati, basi. Shemeji — mdogo wa mke wangu, tunaishi naye — akachungulia: “Shem, tuite watu wakuvute?”

Mke wangu yuko chumbani anafunga masanduku. Tangu apate huo uhamisho hatujazungumza la maana. Maneno yanapita kwa mdogo wake. Dada anauliza, gari tayari? Nikajibu, mwambie asihangaike, atafika tu. Shemeji akaenda, akarudi: Dada anasema, kama una haraka hivyo ya kumpeleka, sawa.

Haraka! Mimi?

Mimi fundi wa makochi. Watu hukaa kila mahali, hata milimani. Lakini hajaniuliza kama nitakwenda naye. Nami nijialike vipi?

Ijumaa, 7 Machi
Nimetoa gurudumu la mbele, nikapenyeza mkono kwenye uwazi wake. Nimepulizia dawa ya kutu, nusu imeniingia machoni. Sensa ya kwanza — krak! Nikajua nimevunja. Kumbe imelegea! Nimeshangilia peke yangu kama kichaa. Ya pili imeng'ang'ania. Ngozi ya vidole viwili imebaki kwenye bomba la moshi.

Jumamosi, 8 Machi
Zote mpya zimeingia! Nikawasha. Gari linatetemeka kama lina homa. Na taa ile pale!

Nikampigia fundi. Kicheko kwanza, kama kawaida. Akasema nimechomeka nyaya za sensa kinyume, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Upande mmoja ukilia njaa, injini inamlisha mwenzake aliyeshiba.

Nikakaa juu ya tairi. Shemeji akaja na ujumbe: Dada anasema atapanda basi, usijisumbue.

“Amesema hivyo hivyo?”

“Amesema tu usijisumbue sana. La basi nimeongeza mimi.”

“Na langu la Jumatano?”

“Lilikuwa limepoa, Shem! Nikalichangamsha kidogo. Nikamwambia unatamani hata kesho umfikishe huko.”

Mungu wangu. Na hata haoni aibu, anakula karanga.

Jumapili, 9 Machi
Leo sikutuma mtu. Nimekwenda mwenyewe, grisi mpaka kwenye masikio. Nikamwambia, nyaya zile zimepita juu kabisa, mkono wangu mnene, wako mwembamba. Akavua saa. Akalala chini upande wa pili, na gauni lake la safari!

Vidole vyetu vikakutana juu ya giaboksi. “Hii ndiyo ya kulia?” Nikauliza, kulia kwako au kwangu? Akacheka. Lo, kicheko kile — nilikuwa nimekisahau.

Tk. Tk. Zimeingia.

Nikasema, sauti ikatoka kama ya jogoo mdogo, kwamba huko milimani lazima kuna makochi yaliyochakaa.

Akazigusa tena nyaya.

“Ofisini kwangu kuna kiti kimoja,” akasema. “Wanasema kimetoboka.” Akajitoa uvunguni, akaingia ndani.

Taa imezimika! Injini inanguruma kama paka aliyeshiba. Naandika juu ya usukani. Masanduku yake yote yako nyuma, hakuna lililobaki. Sasa lile lilikuwa jibu, au alikuwa anazungumzia kiti tu? Nimuulize Shemeji? Thubutu!

Mbona hatoki? Amesahau nini huko — huyo. Amekumbatia mto wangu wa kulalia, na huku kwangu hatazami kabisa, anatazama nafasi iliyobaki kati ya masanduku na ubavu wa gari, pa kuuweka.