Picha Haioni Kila Kitu

Dada mpenzi,

Huku tu wazima, watoto wamefungua shule. Ulipouliza habari za kichwa changu nilikujibu nimepona, ila tangu ile ajali ya gari, mlio wa cherehani ulikuwa ukinipasua kichwa, na maneno yakinipotea mbele ya wateja. Picha za hospitali hazikuonyesha kitu, basi mama mkwe akasema ninadeka.

Jana alinisindikiza kwa daktari mwingine.

"Ubongo wako ulitikisika," daktari akasema. "Picha haioni kila kitu. Utapata nafuu polepole."

Nililia kwa furaha, dada. Mama mkwe akanishika mkono: "Nisamehe, mwanangu."

Leo amezima redio yake mwenyewe, na humu ndani anatembea kwa kunyata, na unene wake ule!

Mdogo wako,
Fundi