Wimbo wa Anga Kwenye Harusi ya Singe

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Nangara hatujambo. Mahindi yamebeba, na bibi yako ananisema kama kawaida.

Unauliza kama unaweza kupiga wimbo wa bendi yetu, Zuhali, kwenye harusi ya shangazi yako. Enzi zile wenzetu walipiga rumba. Sisi tuliona dunia ndogo, tukapiga muziki wa anga: gitaa lenye mwangwi mrefu, kinanda kinachovuma, maneno hakuna.

Tuliupiga kwenye harusi ya dada yangu, kule Singe, wakati wa kutoa zawadi. Nilifumba macho nikafika kwenye nyota. Nilipofumbua, bibi yangu alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, blanketi la zawadi kichwani, akingoja mdundo wa kuchezea.

"Mume wangu," akaniambia kwa utani wa bibi kwa mjukuu, "mkirudi duniani mnijulishe. Shingo inauma."

Watu walicheka. Yeye alimpelekea bibi harusi blanketi kwa mwendo wa kawaida tu, na kumbe wiki nzima alikuwa akifanya mazoezi ya kucheza uani. Aibu ile bado ninayo.

Upige, wimbo ni mzuri. Ila usifumbe macho mpaka kila aliyebeba kitu awe amekitua.

Ni mimi babu yako,
Paulo