Kipande Chetu cha Njia

Dada yangu Limpho,

Huku Lesotho baridi imeanza, na pichi za mwisho nimezianika juu ya bati. Yule mbuzi wako mtundu amezaa.

Uliponipigia kutoka Bloemfontein ukaniuliza Kwaresima inaendaje, nilikwambia vizuri. Nilikudanganya. Tangu tumzike Mama, moyo wangu umepoa. Mfungo niliuvunja mapema, na kila Ijumaa Njia ya Msalaba ilipopita nilijifungia ndani.

Juzi waumini wakasimama. Si unakumbuka kila nyumba ina kipande chake cha njia cha kubebea msalaba, na chetu kinaanzia kituo cha nne, hapa langoni? Wimbo ukaisha, wakauanza upya. Ukaisha, wakauanza tena. Nikatoka nimefura, mikono imejaa unga.

"Si mpite tu!"

"Tupite twende wapi, mwanangu?" akajibu Mama Mamello, jirani yetu. "Hiki ni kipande cha mama yenu. Ijumaa zote hizi tumekusubiri, kisha tukakubebea. Leo magoti yangu yamegoma."

Watu wakacheka. Nikainama, nikaubeba.

Ni mzito, dada. Utotoni Mama alishika mbele, sisi tukagombania nyuma, naye akitukaripia, "Inueni, msiuburute!" Juzi nilipanda kilima kidogo tu, nikausikia ukikwaruza mawe nyuma yangu. Nikageuka nikukaripie.

Njoo kabla ya Ijumaa Kuu.

Mdogo wako,
Keneuoe