Bunge la Watoto na Zamu ya Jioni

Kyzyl-Oyuk,
Mkoa wa Naryn.
20 Januari 2019

Mpendwa mdogo wangu Taalai,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mgongo wako umepoa? Na wifi yangu Gulzat bado wanamkesheza pale kwenye kiwanda cha mikate? Mwambieni huyo msimamizi wenu kwamba nanyi mna miili. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Apa, mama yetu, anatembea, ila magoti yanamsumbua kwa baridi hii.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini Saikal yuko nyumbani mchana. Nilishindwa kukueleza kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Ndiyo maana nakuandikia.

Baridi ilipoanza, tanuri linalopasha joto jengo jipya la shule liliharibika. Watoto wote wakasongamanishwa kwenye jengo la zamani, na kwa kuwa hawaenei, mwalimu mkuu, Shailoobek agai, akagawa zamu mbili: wadogo asubuhi, wakubwa alasiri. Wakubwa wanatoka giza limeshaingia. Wa kijijini wanafika kwao mara moja, lakini sisi wa ng'ambo ya mto, njia yetu unaijua. Barafu tupu, daraja halina kingo, na wale mbwa wa wachungaji.

Binti yako Saikal ndiye rais wa bunge la wanafunzi mwaka huu. Aliwakusanya wenzake, wakaja na ombi moja: vipindi vifupishwe kidogo kwa zamu zote mbili mpaka tanuri litengenezwe, ili wakubwa watoke jua likiwapo. Basi.

Siku ya mkutano wa bunge hilo walikuja wageni kutoka wilayani. Saikal alisimama, akasema bila kutetemeka. Ungemwona, Taalai! Walimpigia makofi, wakapiga naye picha. Jumatatu ratiba ikawa ileile. Akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, nami nilikuwamo nikichukua chaki za darasa langu la wadogo.

"Agai, mwalimu wangu, sasa mlituuliza ya nini?"

"Mliulizwa mjizoeze kusema, binti. Si mtupangie shule." Akacheka, wala si kwa ubaya. "Ukiendelea hivi mwakani utaninyang'anya kiti!"

Nikaingilia, nikamwambia daraja lile hata mimi mtu mzima naliogopa.

"Tursunai eje, dada yangu, ratiba imeshapigwa muhuri wilayani. Unataka nifanyeje?"

Nikapiga simu wilayani. Wakaniambia mambo ya ratiba ni ya mwalimu mkuu.

Nikawa naenda kuwapokea watoto darajani na tochi. Jioni moja homa ilinilaza, sikwenda. Jioni hiyohiyo Nurjamal, binti wa jirani yetu Kanykei, aliteleza akaangukia mawe ya mtoni. Saikal alimvuta kwa skafu yake mpaka kwetu. Mguu umevunjika karibu na nyonga, na madaktari wa Naryn hawajasema kama atatembea sawasawa.

Apa akasema imetosha. "Mjukuu wangu hatoki hapa mpaka theluji iyeyuke. Shule haikimbii!" Nilimbembeleza. Akaniuliza, "Wewe utanihakikishia kwamba atarudi mzima?" Ningemhakikishiaje?

Saikal halii. Anakamua ng'ombe, anasoma kidogo karibu na jiko. Siku moja aliniuliza, "Shangazi, nilikosea kusema wapi?"

"Hukukosea, mwanangu."

"Sasa?"

Nikageuka kutia kuni jikoni.

Juzi ameletewa cheti kutoka wilayani: mzungumzaji bora wa mabunge ya shule. Apa amefurahi sana, amekitundika juu ya picha yenu ya harusi. Saikal alikitazama, akachukua ndoo, akaenda zizini.

Kumrudisha darasani siwezi, kulitengeneza daraja siwezi. Wewe mpigie simu. Usimtumie koti, analo. Siku hizi akianza kusema jambo hujikatiza katikati, anasema "basi, haidhuru." Akisema hivyo usikate simu. Nyamaza, mngojee.

Nisalimie sana Gulzat, na binamu yetu Ermek kama bado mnaishi pamoja. Kanykei naye anawasalimu, na anaomba mumwombee Nurjamal. Apa anakubusu kwenye paji la uso. Mungu awafunike huko ugenini, awarudishe kwetu mkiwa wazima.

Wako akupendaye daima,
dada yako Tursunai