Chumba cha Mbele cha Somoe

Mama yangu,

Kaa chini kwanza. Mwanao ni tajiri! Ninavyokuandikia, chumbani kwangu hapa Ruangwa mna magunia kumi na manne ya korosho, yamepandana mpaka yanagusa bati. Waambie wale waliosema aliyeacha ng'ombe kaacha akili.

Mguu wako unaendeleaje? Mvua huko zimeanza? Mimi mzima, nimenenepa. Kaka Maduhu nilimfuata Mkotokuyana, ng'ombe wake wazima, na Kimwera anakijua cha kuombea maji tu. Mimi hapa mjini ni dalali wa nyumba. Mtu akitaka kupanga anauliza, "Yuko wapi yule Msukuma?" Shule niliiacha darasa la tano, lakini mkataba nausoma mpaka maandishi ya kwenye mhuri.

Sasa nikupe habari iliyonitoa jasho. Kuna dada mmoja, Somoe, fundi cherehani, alihamia hapa kutoka Nachingwea na watoto wawili. Nikampeleka nyumba ya Mzee Issa, mkulima wa Mandawa. Vyumba viwili, cha mbele kinatazama barabara. Akafurahi: "Cherehani itakaa hapa mlangoni, wateja wanione." Kisha akainama, akaokota korosho kwenye kona. "Na hii?"

Nikamwambia, "Dada, Ruangwa hata panya wanakula vizuri." Tukacheka, mkataba ukasainiwa kwa mwenyekiti wa mtaa, nikachukua changu nikaondoka.

Mama, nilijua. Kila msimu mzee huyo anashusha korosho zake chumba cha mbele mpaka zamu yake ya kupeleka ghalani ifike. Nilinyamaza nisimkose mteja.

Msimu ukafika, Somoe akanipigia. "Kaka Masanja, mwenye nyumba kaja na guta limejaa magunia. Cherehani yangu kaitupa uani! Na sare za watoto wa watu nimeahidi kesho, nitashonea wapi?"

Madalali wenzangu pale kijiweni wakanicheka. "Mkataba ukishasainiwa kazi imeisha. Zima simu, bwana."

Nikaizima kweli. Lakini nikamkumbuka baba alipouza yule ng'ombe mpiga mateke. Alimwambia mnunuzi kabla ya kumkabidhi kamba, na siku ya tatu akaenda kumwonyesha namna ya kumkamua. Mimi nimeuza teke nikanyamaza.

Nikaenda. Mzee Issa amekaa juu ya gunia kama jumbe.

"We Msukuma, umeshakula chako, unatafuta nini tena?"

"Nimekuja kuuliza, mzee wangu. Umepangisha vyumba viwili, au kimoja na nusu?"

"Nyumba yangu! Kila mwaka naweka hapa, na wewe unajua."

Somoe akanigeukia. "Ulijua?"

Nikasema, "Nilijua, dada. Kosa ni langu."

"Basi kamtafutie pa kwenda," mzee akasema.

"Hapana, mzee. Huyu hatoki. Nitazitafutia korosho zako pa kukaa."

Akanitazama, akacheka mpaka kofia ikamdondoka, lakini akakubali. Tukayapakia magunia upya kwenye guta, na mgongo wangu hadi leo unalalamika. Somoe akairudisha cherehani mlangoni. Asante hakusema. Alisema, "Ukileta mpangaji mwingine, mwambie siku ya kuonyesha nyumba, siyo siku ya guta."

Sasa nawaambia: hapa maji hayatoki, jirani huyu ana spika, mwenye nyumba huyu ana korosho. Wateja wamepungua kidogo. Ila aliyeingia nyumba kwa mkono wangu akipiga simu, napokea, hata kama mwaka umepita.

Nisalimie baba mdogo anayeangalia zizi, na shangazi Mhoja, mwambie mchembe wa viazi aliotuma uliliwa na mji mzima. Salamu pia kwa Kabula, mtoto wa dada, anayekusomea barua hii.

Ni mimi mwanao,
Masanja, dalali wa nyumba na viwanja.

Kabula, ngoja wageni watoke ndipo umsomee bibi hapa: korosho si zangu. Ni za Mzee Issa zote. Mimi sina hata mkorosho mmoja.